Ndege ya Kushambulia na Mabati ya Mama

Kwetu Songambele tulilala juu ya mabati badala ya kulala chini yake. Usinicheke kwanza, ngoja nieleze. Mabati yalikuwepo, mazima kabisa, yamelazwa chini ya kitanda cha Baba na Mama na kufunikwa majani makavu ya migomba. Juu ya mabati kulikuwa na kitanda, juu ya kitanda godoro, juu ya godoro Mama, na juu ya Mama paa la nyasi lililovuja kama limelipwa. Mvua ikinyesha, maji yalitoka kwenye nyasi, yakampiga Mama, yakapenya godoro, yakaishia kwenye mabati. Kwa hiyo mabati yetu yalifanya kazi yake, ila yalichelewa kidogo.

Kosa lilikuwa la ndege. Nasema ndege zile za chuma, maana hawa wengine wa kwenye mtama tulikuwa na ugomvi nao mwingine.

Baba aliyanunua mabati hayo kwa kahawa kabla ya vita. Nyumba ya bati wakati ule haikuwa jambo dogo. Mama alikuwa bado bibi arusi, na nimesimuliwa kwamba akitoka kanisani alikuwa anazunguka njia ndefu ya kilimani, makusudi tu, apate kuiona nyumba yake inavyong'aa kutoka mbali. Alikuwa na haki. Hata mimi ningezunguka.

Halafu ukaingia mwaka 1978. Watu wakaanza kushuka kutoka upande wa Murongo, mpakani, na magodoro kichwani na mbuzi mkononi, wakisema wa ng'ambo wamevuka. Nilikuwa mdogo, lakini asubuhi ile ya ndege naikumbuka. Ilitokea nyuma ya kilima, ikapita juu yetu, ikaenda zake. Haikudondosha hata unyoya. Lakini Baba, ambaye alikuwa uani anachagua mbegu za maharage, aliapa kwamba rubani aliinamisha bawa akaitazama nyumba yetu. Si nyumba ya jirani, yetu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inang'aa. Kabla jua halijafika utosini alikuwa juu ya paa na nyundo, anang'oa. Mama alisimama chini na kupokea bati moja moja bila kusema neno. Mama akinyamaza ujue pana jambo.

Tukakimbilia Rugera kwa shangazi. Vita vilipoisha tukarudi, Baba akaezeka nyasi, akasema ni kwa muda tu. Huo muda wake ulinikuta niko chekechea, ukanisindikiza mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Kila masika Mama aliweka sufuria kitandani, pale kwenye tundu kubwa, na kulala akiwa amejikunja pembeni yake. Na kila masika aliuliza, "Baba watoto, mabati?" Baba naye hakukosa jibu. Mara mpaka uko karibu mno. Mara amesikia ngurumo isiyokuwa ya radi. Mwaka mmoja alisema kwamba anangoja kwanza ng'ambo kutulie, na ng'ambo hawakumuuliza yeye ratiba yake. Mimi hasira zilinipanda tangu nikiwa mtoto, na mpaka leo nikiona mtu amefunika kochi zuri na nailoni ili lisichakae, nataka kumtikisa.

Mwaka 1990 Mama akapata hoja. Nilikuwa nimemaliza shule, nimekaa nyumbani nasubiri matokeo, na watu walikuwa wameanza kuulizia ulizia. Mama akamwambia Baba, "Wageni wa posa wakija na mvua ikanyesha, utawapa chai au utawapa sufuria za kukingia?" Baba aliona aibu. Akakubali. Kahawa ikishavunwa, tunaezeka. Mama akaanza kufagia chini ya kitanda kila siku.

Basi redio ikaharibu.

Redio yetu ilikuwa kubwa, na betri zake Baba alizianika juani pamoja na kahawa ili zipate nguvu, kwa hiyo habari zilikuja vipande vipande. Aliyeviunganisha vipande alikuwa jirani yetu, aliyekwenda vitani akarudi na koti la jeshi na Kiswahili kirefu. Tulimwita Afande. Jeshini alikuwa mpishi, lakini alisema hakuna siri isiyopita jikoni. Nyumbani kwetu tulisema Kinyambo, Kiswahili kilikuwa cha kanisani, cha mnadani na cha redio, kwa hiyo mtu mwenye Kiswahili kama kile tulimsikiliza.

Jioni moja redio ikasema kwamba Wamarekani wana manowari za kubeba ndege, na kwamba wanaunda ndege mpya ya kushambulia, ya kupaa kutoka kwenye manowari hizo. Ina umbo la pembetatu, haina mkia, rada haiioni, na inakwenda mbali. Baba aliweka kikombe chini.

"Uwanja wa ndege unatembea?" akamuuliza Afande.

"Unaelea," Afande akasema. "Unakwenda popote penye maji."

Baba akanigeukia kama kwamba ni mimi niliyeutengeneza. "Entebbe ya hao wa ng'ambo walau tunajua iko wapi. Entebbe haiwezi kuhama."

"Baba," nikasema, "Mmarekani ana shida gani na nyumba yetu?"

"Hata yule wa mwaka sabini na nane sikuwa nimemkosea."

Na hapo mabati yakaahirishwa. Nilimwangalia Mama, nikitegemea atanuna, lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na uso umemchangamka. "Hiyo ndege ya kushambulia," akauliza, "itakuwa tayari lini?" Nikadhani anakejeli. Baba naye alidhani hivyo, akavuta koti lake. Lakini tangu siku hiyo kila redio ikiwashwa Mama alipaza sauti kutoka jikoni, "Imefikia wapi ile ndege?" Nikasema moyoni, mama yangu kwa kejeli hana mpinzani.

Mwaka mpya ulipoingia, redio nzima ilikuwa vita vya Ghuba tu, asubuhi Ghuba, jioni Ghuba. Katikati ya hayo ikapita habari fupi: mradi wa ile ndege ya kushambulia ya jeshi la majini umefutwa. Imezidi uzito, imezidi gharama, imechelewa.

"Umefutwa nini?" Baba akauliza. "Vumbi?"

"Umefutwa ni umeachwa," Afande akasema. "Hakuna ndege."

Baba akavua kofia. Mimi nilikuwa tayari nimeinuka kwenda kuvuta kitanda. Lakini Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, sura imemshuka kabisa. "Wameifuta? Masikini. Kwa nini lakini?" Nikaona sasa kejeli imepita kiasi, tena siku ya ushindi.

Ungedhani mambo yameisha. Humjui baba yangu. Yule alikuwa mtu wa kuikagua furaha kwanza kabla ya kuipokea. Usiku kucha alijigeuza, na asubuhi akaja na swali: hiyo ndege kama ingeundwa, manowari zingekuwaje? Na kwa kuwa haikuundwa, zitakuwaje? Kwa sababu inawezekana kwamba kufutwa kwake ndiyo hatari yenyewe. Afande akaitwa. Afande akasema jambo hilo halielezeki kwa mdomo mtupu, linahitaji vifaa, na vifaa vinahitaji rubisi.

Ilikuwa siku ya kuchuja pombe hiyo, kwa bahati yake. Ule mtumbwi wa mti tunaokanyagia ndizi za pombe ulikuwa umeshamaliza kazi, umeoshwa, umeanikwa uani. Afande akautwaa, ukawa manowari. Akachukua gome kavu la mgomba, akalikata pembetatu, ikawa ndege. Jiko la Mama likawa adui, na hakuna aliyemwomba Mama ruhusa.

"Sasa," Afande akasema, "juu ya manowari ndege haina nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo inarushwa kwa manati."

Baba akamtazama. Sisi manati tulikuwa nazo, za mpira wa baiskeli, za kulindia mtama. "Manati hizi hizi?"

"Kubwa zaidi. Na ikirudi inatua huku imening'iniza ndoano nyuma, inanaswa na kamba."

"Kama ndama."

"Ndama mwenye mabomu."

Baba alifikiri. "Yaani huku tunaangusha ndege kwa manati, kule wanarusha ndege kwa manati." Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana wametushinda."

Wakaubeba mtumbwi hadi kwenye zizi la mbuzi, mbali na jiko. Afande akaeleza, na nasema kweli, alieleza vizuri kuliko mwalimu wangu wa jiografia. Ndege ile ingeundwa, alisema, manowari ingekaa huku huku zizini, kwenye bahari kuu, hakuna wa kuifikia. Ndege ingeruka gizani, ingefika jikoni bila kuonekana, ingefanya yake, ingerudi kunywa chai. Manowari ingekuwa na mkono mrefu. Lakini imefutwa. Wamebaki na ndege za zamani zinazozeeka na nyingine changa zenye miguu mifupi, zinazochoka njiani. "Na ndege yako ikiwa na miguu mifupi unafanyaje?"

"Unasogeza uwanja," Baba akasema.

"Umefaulu."

Wakausogeza. Wakafika kwenye kamba ya nguo. "Bado," Afande akasema. Wakafika kwenye kinu. "Bado, mafuta hayatoshi ya kurudi." Walisukuma mpaka mtumbwi ukaziba mlango wa jiko, watu wazima wawili wamepiga magoti, mmoja ana manati.

Mama akatoka na sufuria ya maji, akakuta amezibiwa njia. Aliuchapa mtumbwi kwa mwiko, ukalia kama ngoma.

"Umeona?" Afande akafurahi mno. "Ikisogea inapigwa. Hiyo ndiyo hasara ya kuifuta ile ndege."

Nikaona nimepata upenyo, nikadakia. "Basi, Baba, umesikia mwenyewe. Bila ile ndege lazima manowari isogee, na kusogea inahitaji bahari. Sisi tuna Mto Kagera, na hata viboko hukwama."

Baba akakuna kidevu. Niliona anakuja, anakuja kabisa, wallahi nilianza kusikia harufu ya misumari. "Ni kweli," akasema. "Bahari hatuna."

"Ziwa lipo," Afande akasema.

Nilitamani nimvue lile koti nimfungie kichwani. "Manowari haiwezi kufika ziwani," nikasema.

"Meli zetu za ziwani zilifikaje? Si zililetwa vipande vipande zikaungwa humo humo?" Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kunywa, akavuta manati kuonyesha manowari iliyoungwa Bukoba ingefanya nini. Lile gome likaruka, likapita juu ya kichwa cha Mama, likatua ndani ya chungu cha ebitoke, ndizi zetu za mchana.

Mama aliingia, akalitoa gome kwa mwiko, akarudi nalo mlangoni likidondosha mchuzi. Akamtazama Baba, si Afande.

"Mimi nilikuwa naisubiri hiyo ndege," akasema taratibu. "Nyinyi mnashangilia imefutwa, mimi nilikuwa naiombea. Bora ingekuja. Ingepita juu ya kiwanja hiki mara moja tu, ikamwaga vitu vyake, nikapumzika. Ningesimama hapa hapa niipungie kitenge."

Afande alisimama, akapangusa magoti, akasema amekumbuka mbuzi wake. Aliondoka bila kumaliza rubisi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nipate akili. Baba akakaa juu ya manowari na manati mapajani.

Nilimfuata Mama jikoni. "Mama, kweli unataka kufa?"

"Kufa kwa nini?"

"Si umesema ndege ya kushambulia ingekuja."

"Ndiyo. Ya kushambulia." Akanitazama kama anayemtazama mtoto wa mtu mwingine. "Bungua wametutobolea migomba yote ya bondeni, hujaona? Bwana shamba alisema mkutanoni, ziko nchi ndege inapita inamwaga dawa, wadudu kwisha. Sasa wenzetu wameunda ya kwao, kubwa, ya kushambulia mashamba, nanyi mnacheka imefutwa."

"Mama, kushambulia si..."

"Kuna lima, kuna kulimia. Kuna shamba, kuna kushambulia. Miaka yote hiyo ya shule walikufundisha nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majivu. Moshi ulinipalia, machozi yananitoka, Mama ananipiga mgongoni na kuniuliza nimelishwa nini. Nilikuwa nimefungua mdomo kumweleza pale Baba aliponiita.

Alikuwa nyuma ya nyumba kwenye mibuni, amenipa mgongo, anachuma majani bila sababu. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno, lakini hapo yalimtoka kwa shida.

"Mama yako," akasema. "Amechoka kiasi hicho? Cha kutaka kupigwa na ndege?"

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu, bungua, na tungecheka wote watatu. Lakini aligeuka, nikamwona uso. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe alikuwa anaogopa kitu kisichotoka angani.

"Amechoka kulowa, Baba," nikasema. Na huo haukuwa uongo.

Aliingia ndani, na baada ya muda nikasikia kitanda kinaburutwa.

Tuliezeka nyumba wiki ile ile. Mabati yalikuwa na madoa kidogo na matundu ya misumari ya zamani, tukayaziba kwa lami. Afande alikaa juu ya paa kutwa nzima, nyundo mkono mmoja, mkono wa pili amejikinga macho akitazama upande wa ziwani. Na mwishoni, kila kitu kimekwisha, Baba akapanda na ndoo, akayapaka mabati yote matope yasing'ae. Mama alimtazama tu. Akaniambia pembeni kwamba nyumba yenye bati chafu ni ya bati vilevile.

Niseme pia kwamba neno lile sikumfafanulia Mama wakati ule, na baadaye lilinipita. Mpaka leo, akisikia habari za Wamarekani na manowari zao, anasema walikosea sana kuifuta ile ndege. Nimewahi kumsikia redioni mtaalamu mmoja wa mambo ya kijeshi akisema hivyo hivyo: wangekuwa nayo, manowari zao zisingelazimika kusogelea hatari. Mama alitikisa kichwa akakubaliana naye, kila mmoja kwa sababu zake.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, mwezi wa tatu. Haikutangulia na manyunyu, ilijimwaga yote. Wewe uliyezoea bati hujui, lakini sisi tulikuwa hatujalisikia tangu vita. Kelele iliujaza ule mji wote, redio ikawa inapanua mdomo bure. Nilitoka mlangoni nikaona matope ya Baba yanateremka ukutani kama uji, na juu paa linajitokeza, linang'aa hata bila jua.

Nikakimbia chumbani kumwita Mama aje aone. Alikuwa amekaa kitandani. Kwa mazoea alikuwa ameiweka sufuria mahali pake pa siku zote, na ameikodolea macho, anangoja. Halikuingia hata tone. Aliingiza mkono akapapasa ndani, akautoa, akautazama mkono mkavu. Machozi yakaanza kumtoka, na sasa hayakuwa na pa kudondokea isipokuwa humo.

"Baba yuko wapi?" nikapiga kelele.

Akanionyesha chini kwa kidole. Mahali palipokuwa na mabati miaka yote hiyo sasa palikuwa wazi, na Baba alikuwa ameenea vizuri, amelala kifudifudi, mikono kichwani. Ndipo nikaelewa kwamba habari haikuwa kung'aa peke yake, ilikuwa pia ile ngurumo ya bati. Nilitaka kucheka na sikuweza.

Mama akaweka sufuria pembeni. Akashuka, akakunja kitenge, akajiingiza chini ya kitanda, mwanamke mzima, mpaka nikabaki naona nyayo zake tu. Kitanda kikabaki juu, kikavu, hakina mtu.

"Ni mvua, baba watoto," nikamsikia anamwambia sikioni kwa nguvu. "Ni mvua tu."

"Najua," Baba akasema. "Ngoja ipite."

Bati lilinguruma juu yetu. Halafu Baba akauliza, "Unalowa?"

"Silowi," Mama akasema.